Wakazi Wawili

Naitwa Fausto. Kazini naitwa Wakala Mia Mbili na Saba.
Miaka ishirini na miwili nilibeba sanduku la spana
ngazi kwa ngazi, hapa Braga, mji wa kengele na mvua,
nikipiga magoti mbele ya mashine za kufulia.
Nilizijua kwa sauti: beringi iliyokwisha hulia kama paka,
mkanda uliolegea hupiga makofi,
sarafu iliyonasa kwenye pampu hucheka.

Kisha zikaja zisizoharibika. Hizi hugoma.

Kampuni ikachukua spana, ikanivisha vifaa vya masikioni,
ikanipa karatasi ya kusoma. Walisema nimepandishwa cheo.
Mshahara haukusikia habari hiyo.

Sasa sitengenezi kitu, naomba radhi.
Mara sitini na nne kwa siku; hesabu wanayo wao.
Naomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua
juu ya masharti ambayo hakuna anayeyasoma.
Mimi niliyasoma, zamu moja ya usiku, kurasa arobaini na moja.
Ukurasa wa thelathini mashine inajipa haki ya kujua
unafua saa ngapi, kilo ngapi, nguo za watu wangapi.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakujua iko siku ndicho kitakachozifua.

Jumanne, saa nne na dakika kumi, simu ya kumi na tisa.
"Mazungumzo haya yanarekodiwa ili kuboresha huduma."
"Fausto?"
Alikuwa mama.

Nyuma ya kioo Graciete, msimamizi, alikuwa anasikiliza.
Karatasi haina mama. Karatasi ina mteja.
"Naomba jina lako kamili."
Kimya. Nikasikia bomba la jikoni kwake likidondoka,
lile nililoahidi kulitengeneza Pasaka.
"Deolinda Rosa Quintela," akasema, kama mtu aliye mbele ya hakimu.
"Tarehe ya kuzaliwa?"
"Tisa Machi. Mwaka huu ilipita bila simu."
Karatasi haina jibu la hilo.
"Kwa usalama wako, jina la mtoto wako wa kwanza?"
"Fausto," akasema. "Kama bado linakubalika."

Likakubalika. Skrini ikafunguka.
Mashine imejaa maji, mlango umejifunga,
inamtaka akubali masharti mapya kwa simu yenye kioo,
na yeye simu yake ni ya vitufe, ya kukunja.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo, mashine ilikuwa imekisia
kutokana na uzito wa nguo za kila wiki:
wakazi wawili.

Baba tulimzika miaka minne iliyopita.

Nilisoma tena. Wakazi wawili.
Chuma kile, nilichomnunulia mwenyewe kwa bei ya mfanyakazi,
kilijua jambo ambalo mama hajamwambia mtu,
kwamba bado anafua mashati ya baba,
na kilikuwa kimeshalituma kwa wauza sabuni.

Nikaiweka karatasi chini.
"Mama, chomoa waya. Hesabu hadi thelathini.
Chini kulia kuna kijimlango, kifungue kwa sarafu,
weka beseni, maji yatatoka mengi.
Ndani kuna uzi wa rangi ya chungwa. Uvute."
"Na haya masharti?"
"Usikubali."
Graciete aligonga kioo. Nilipewa alama mbili kati ya kumi,
na barua, ambayo ilianza kwa kuniomba radhi.

Jumamosi nilikwenda na spana zangu za zamani.
Bomba lilichukua dakika saba. Saba, tangu Pasaka.
Uani, kwenye kamba, mashati matano yalining'inia,
mikono chini, kola zimenyooshwa.
Sikuuliza.
Mvua ilipoanza, tukatoka wote wawili kuanua.